Gari la Uani Haliuzwi

Mama, chai iko kwenye chupa. Kaka, usiimalize.

Nimeenda dukani kutafuta pampu ya breki ya lile gari alilojiundia marehemu mjomba kwa vipuri vilivyokuja vipande vipande kwenye maboksi, ambalo mkewe amenipa. Kaka, jana ulinicheka: “Wakikuuliza ni gari la aina gani utajibu nini, wewe unayeona haya hata kuagiza chumvi?” Ni kweli, halina aina. Basi nimeibeba pampu yenyewe kikapuni. Nitaiweka juu ya meza ~~ninyamaze~~ niseme nataka kama hii.

Asubuhi mlipokuwa mmelala niliketi ndani yake. Ukungu ulijaa uani, hata ukuta hauonekani. Nikashika usukani, na kwa kitambo gari likawa linakwenda, polepole, mahali nisipopajua, wala simwogopi mtu. Nilipokanyaga breki, mguu ukazama tu hadi chini. Ndipo nikachukua spana.

Kuku msiwafungie humo tena. Na yule mnunuzi wa vyuma chakavu uliyemwita, Kaka, akibisha hodi, mwambie mwenye gari ametoka.

Kitinda mimba wenu