Kopo la Sita

Yaya Assani,

Arobaini yako imesomwa Alhamisi iliyopita huko kwenu Nyangwe, na mimi sikwenda. Nilituma mchele na sukari kwa mkono wa shofere wa lori, nikasingizia kazi. Kazi haikuwepo. Kamera ilikuwa ndani ya sanduku lake, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku hilo hilo, nikijiuliza kama kweli umeuawa na homa.

Walisema homa ya wiki moja. Mimi nikauliza homa gani, nani alikupikia uji, nani alikuja kukutazama siku ya mwisho. Unanijua. Uliwahi kuniambia mbele ya shofere: "Weye Shabani, mutu akikupa maji ya kunywa, unauliza kwanza kisima." Shofere akacheka sana, na mimi tangu siku ile nikamshuku shofere.

Nakuita Yaya bado, kaka mkubwa, ingawa hatukunyonya ziwa moja. Kuna neno nimelijua juzi, na sina wa kumwambia. Aliyelificha ni wewe mwenyewe.

Kwanza habari za huku Kasongo. Studio ni lile lile ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia, na mchwa wameshamaliza mguu mmoja wa meza yako. Bwana Picha, mzungu wetu, hajabadilika. Anapiga filamu za pamba, filamu za zahanati, filamu za watoto wakinawa mikono, na makopo yote yanakwenda Ulaya kusafishwa, yanarudi baada ya miezi. Mimi bado ananiita stajere, mtu wa kujifunza, mwaka wa pili sasa. Ila funguo za kabati ninazo mimi. Ulipoondoka, alinipa mimi.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza. Nilidhani utanionyesha kamera, wewe ukanifunga kitambaa machoni mchana kweupe, ukanipa kipande cha filamu iliyoharibika. Ukasema mutu wa filamu anafanya kazi yake ndani ya mfuko mweusi, mikono peke yake, na macho hayana kazi humo. Nilihangaika mpaka adhuhuri. Nilipotoa kitambaa nikakuta umekula ndizi zangu zote. Nilikununia siku mbili. Siku ya tatu vidole vyangu viliweza, ukafurahi kuliko mimi.

Na ulinifundisha lile jambo la majina. Kila kopo lina utepe wa gundi. Anayetia filamu kwenye kamera anaandika jina lake juu, anayeitoa anaandika lake chini, ili kopo likiharibika lijulikane limepita mikono ya nani. Ukaniambia: "Ukiulizwa, sema tu kile mukono yako ilifanya. Usiongeze, usipunguze." Nililishika neno hilo vizuri mno, Yaya.

Baba yangu alipokufa ulikuja na watu kumi, ukashika jeneza mbele. Mama akaingia eda. Unajua kwetu Waungwana, Waislamu wa huku, mjane anavyokaa: miezi minne na siku kumi nyuma ya uzio, nguo nyeupe, bila mafuta wala wanja, na mwanamume asiye ndugu hamwoni. Hata mwenye kuleta kuni anaziacha nje akipiga hodi. Mwezi wa pili wa eda hiyo, Bwana Picha alinituma kijijini Wamaza na shofere, nikamtafutie shamba zuri la pamba. Kabla ya kuondoka nilitia filamu kwenye kamera, nikaandika jina langu kwenye utepe wa kopo la sita. Wewe ulibaki naye mjini.

Kisha ikaja ile asubuhi makopo yaliporudi kutoka Ulaya. Matano mazuri. La sita lilirudi jeusi kama masizi ya chungu, mwanzo mpaka mwisho, na barua kwamba filamu ilionyeshwa jua kabla ya kutumwa. Bwana Picha aliweka kopo mezani, utepe juu. Shabani juu, Assani chini. Akatutazama.

Wewe ulitazama ule utepe. Mimi nilikuwa na hofu, na hofu yangu haikai peke yake, inakwenda kutafuta mtu. Nilikumbuka kwamba Bwana alisema atampeleka mmoja wetu Leopoldville kwenye shule ya filamu. Nafasi moja, watu wawili. Nikasema moyoni: huyu amenichimbia shimo. Ametaka kopo lenye jina langu liharibike. Kwa mdomo nikasema: "Mimi nilitia tu, Bwana. Aliyetoa ni Assani."

Sikuongeza, sikupunguza. Ulinitazama kidogo, ukaitika kwa kichwa, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi. Nilikasirika. Nikaona unanikebehi.

Bwana akaandika kwenye kitabu chako cha kazi kwamba wewe si mwaminifu, na kwa maneno hayo hakuna mzungu wa Kasongo mpaka Kabambare aliyekupa kazi tena. Ukarudi Nyangwe kulima mpunga. Siku ya kuondoka ulipita kwetu, ukasimama nje ya uzio, ukamuaga mama yangu bila kuingia. Na mimi nikakushuku tena.

Hapa naona aibu, lakini nitaandika. Kwa sababu tangu siku hiyo mama alianza kutuma vitu Nyangwe. Mara unga, mara shati alilolishona baba na halikupata mwenyewe. Nikimuuliza, anasema tu wewe ni mutu wa heshima. Eda ikaisha, vitu havikuisha. Ilipokuja habari ya kifo chako, mama alikaa chini pale pale alipokuwa anapeta mchele, akalia kilio cha ndugu. Nilimtazama mama yangu mzazi, Yaya, nikahesabu siku. Nikajiuliza mlianza lini. Ndiyo maana sikuja kwenye arobaini yako. Niliogopa kukaa pale nikitafuta dalili kwenye uso wa mke wako.

Juzi Bwana alinipa daftari lake ninakili orodha ya filamu zote, kwa mwandiko safi, zitumwe kwa wakubwa. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, lakini maneno haya niliyaelewa. Kopo la sita: mjane wa fundi cherehani, anakausha nywele uani, imepigwa kutoka juu ya ngazi.

Kasongo nzima fundi cherehani aliyekufa mwaka ule alikuwa mmoja.

Nilikwenda nyumbani, daftari kwapani. Mama alinisoma uso akajua. Akanieleza bila kuninyanyulia macho. Siku ile alikuwa ametoka kuoga, kichwa wazi, akidhani yuko na Mungu wake tu. Akasikia kitu kinalia kama nyuki, akatazama juu, akamwona mzungu juu ya ngazi kwenye ukuta wa jirani, na mashine. Akakimbilia ndani. Alipotoka kwa woga, mzungu alishaondoka kwenda kula, na wewe ulikuwa umeachwa unalinda vyombo. Ulikuja mpaka kwenye uzio, ukaupa mgongo, ukasema ukitazama barabarani: "Mama, ile picha haitatoka. Lakini usimwambie mutoto. Akijua, ataulizwa, na yeye hajui kuficha."

Kisha, jua la saa saba, ukaitoa filamu kwenye kamera, ukaivuta yote ikaenea kwenye majani, ukaikunja tena taratibu ndani ya kopo, ukafunga utepe. Mama aliona kupitia matete. Anasema ulichukua kalamu, ukaandika jina lako chini kwa herufi kubwa.

Nimefikiri sana juu ya hizo herufi kubwa. Ungeweza kutoandika. Ungeweza kusema mtoto alitia vibaya, na mimi ndiye ningefukuzwa. Ulijua siku itakuja ya kuulizwa, na ulinitayarishia maneno ya kujiokolea, nami nikakuuza kwayo nikidhani ni werevu wangu. Mtu niliyemshuku kuliko wote ndiye aliyesimama kati ya mama yangu na kila kijiji ambako sinema ile ingeonyeshwa.

Bwana Picha je, alijua ni mama yangu? Nashuku alijua. Nashuku ndiyo sababu nilitumwa Wamaza. Shaka hii siitupi, hii nimeifanyia kazi.

Sasa sikiliza. Bwana bado anataka mjane wa kumpiga picha kwa ajili ya filamu yake ya mila za Waungwana. Amesikia kwamba Nyangwe kuna eda mpya, kwa mtu aliyekuwa zamani wa studio. Amesema Ijumaa tunakwenda na lori, na ngazi, na makopo manne. Hakuona hata haya kulitaja jina lako.

Wazo la kwanza lilikuwa kufanya kama wewe: niende, nitie filamu, niitoe, niionyeshe jua. Nikaona haifai. Wewe ulificha kwa ajili ya heshima ya mwingine. Mimi nikificha, nitakuwa najificha tu. Halafu mke wako atakuwa ameshaonekana, hata kama picha haitoki.

Jana nikamwambia kwamba kwenye ua ule siendi na kamera, na asiende mtu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kopo la sita lilikuwa na mama yangu ndani. Akawasha sigara, akaomba kitabu changu cha kazi. Sijui ameandika nini humo, nimekikunja bila kusoma. Leopoldville imekwisha. Amesema ataenda na shofere.

Basi kesho asubuhi natoka kwa baiskeli, nifike kabla ya lori. Wazee wa kwenu watajua nani anakuja na anakuja kutafuta nini, na nyuma ya uzio wa kwanza watainua wa pili, mrefu kuliko ngazi yoyote. Matete nitakata mimi.

Hiyo ndiyo kazi rahisi. Baada ya hapo nitakaa chini nje ya ua, niupe uzio mgongo, nimwambie mke wako: Shemeji, aliyemtaja mume wako kwa Bwana ni mimi. Sitasema sikujua. Sitasema nilikuwa na hofu. Nitasema nilichofanya, halafu nitanyamaza nisikie matete yanasema nini.

Mungu akulaze pema, Yaya. Nakuahidi shemeji hataonekana na jicho lile. Msamaha wako siuombi kwenye karatasi hii, maana wewe ulishanisamehe hata kabla sijakukosea. Nakwenda kuuomba kwa yule mwenye haki ya kuninyima.

Mdogo wako,
Shabani