Tumeunda Pikipiki ya Matairi Manne

Isevya,
Tabora.
14 Septemba, 2025

Mpendwa Kaka Adriano,

Tumsifu Yesu Kristo! Shikamoo kaka. Habari za Namibia na baridi yake? Wifi Katarina hajambo? Kile kifua chake kimepona? Sisi huku wazima, isipokuwa shemeji yako Festo amevunjika mfupa wa bega. Usishtuke, anakula vizuri na anagomba kama kawaida. Nimeshika kalamu kwa sababu habari hii haitoshi kwenye ujumbe wa simu.

Kaka, tumeunda pikipiki ya matairi manne ya mashindano! Mnasimama wawili wawili, bendera ikishuka mnanyooka moja kwa moja, wa kwanza kufika mwisho wa uwanja ndiye mshindi. Ukipepesa macho, mbio zimekwisha.

Mwanzoni Festo alitaka kununua iliyo tayari. Mtu mmoja wa Dar alitutumia picha, mashine inang'aa kama sahani ya harusi. Tulipoisikia bei tulicheka, halafu tukaifuta ile picha. Ndipo rafiki yangu Marcelina, anayepika kwenye kambi ya wawindaji huko porini, akatuambia kuna moja imetupwa nyuma ya jiko lao. Injini imekufa na kuku wanatagia kwenye kiti. Tukauza ile bodaboda yetu ya pili, iliyokuwa ikitulisha mvua zikichelewa, tukaenda kuinunua hiyo ya porini. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Injini tuliipata kwenye pikipiki kubwa iliyopata ajali huko Nzega. Fremu ilikuwa imepinda, lakini injini yenyewe nzima kabisa. Kila kisichosaidia kukimbia Festo aliking'oa: taa, madigadi, hata kile chuma cha kubebea mizigo. Akachomelea mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika matairi, uwe mrefu zaidi ili isinyanyuke mbele, na akaishusha mpaka tumbo lake linakaribia kulamba vumbi. Vitu vipya dukani vilikuwa vitatu tu, breki, klachi na helmeti. Kwenye hivyo, ubahili tuliuacha nje ya mlango.

Mama hakutaka hata kuitazama. Akija kutoka Itetemia kutuletea mahindi, anapita pale gerejini kwetu uso ameugeuzia ng'ambo. Aliniambia waziwazi kwamba anaomba isiwake. Ikawaka, kaka! Jumamosi mchana, kwa kishindo ambacho kilimtoa mbio fundi cherehani wa jirani, futi ikimning'inia shingoni. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Wiki moja kabla ya mashindano Festo akaijaribu kwenye barabara ya mashambani. Ikasimama kwa miguu ya nyuma kama punda, ikamtupa chini. Tuliporudi kutoka hospitali, bega limefungwa, akasema, "Basi tena. Tutaiuza."

"Naendesha mimi," nikamwambia.

"Wewe, Advera?"

"Mimi ni mwepesi kuliko wewe. Na Kaka Adriano alinifundisha pikipiki kabla wewe hujanijua."

Akanisukumia helmeti. Tuliongeza chuma kizito mbele, na kila jioni nikawa najifunza kuiachia klachi taratibu.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa shamba moja, njia ya kwenda Tura. Za wenzetu zilishushwa kutoka kwenye malori, yetu ikashushwa kutoka kwenye guta la matairi matatu. Watu walicheka. Lakini nikamshinda wa kwanza, nikamshinda wa pili, kicheko kikaisha. Fainali nikapangwa na Masanja wa Shinyanga, mwenye mashine mpya kutoka dukani.

Tukiwa mstarini, cheni yake ikakatika. Hakuwa na ya akiba. Mwamuzi akaniambia nipite peke yangu, nitakuwa mshindi. Festo alishainua juu ule mkono wake mzima! Lakini kwenye sanduku letu kulikuwa na cheni, na saizi ni ileile. Nikaitoa nikampa Masanja.

"Umerogwa?" Festo alifoka.

Kaka, sikutaka kupewa. Nilitaka kujua kama hiki tulichokiunda kinakimbia kweli. Festo alinitazama, akasonya, kisha akaenda mwenyewe kuwaelekeza namna ya kuifunga.

Bendera ikashuka. Masanja alinishinda kwa nusu ya tairi. Nusu ya tairi, kaka!

Vumbi halijatulia nikasikia sauti ninayoijua: "We Masanja! Cheni yetu irudi sasa hivi!" Ni Mama. Sikujua kama amekuja. Akanijia na kitenge chake cha kwaya, vumbi hadi kwenye kope, akanivua helmeti, akanipapasa mikono na shingo. Alipoona niko mzima akaniuliza kwa ukali, "Mbona ulichelewa kubadili gia?"

Jumatatu Masanja alikuja Isevya na mashine yake, anataka Festo amtengenezee mkono wa nyuma kama wetu. Ameleta na wenzake wawili. Gereji imejaa, na Festo anafanya ufundi kwa mdomo huku mimi nachomelea.

Lakini nikuambie kitu ambacho hata Festo sijamwambia. Katikati ya ule uwanja nilikuwa ninaongoza. Sijui ilikuwa kwa muda gani. Ninachokumbuka ni uwanja mweupe, na mbele yangu hapakuwa na mtu.

Msalimie sana Wifi Katarina na mtoto Antoni. Mama anawasalimu, Festo pia, na Marcelina anauliza utarudi lini. Mungu awafunike huko ugenini, na mikono yenu isikose kazi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Advera