Landrova ya Baba Yashuka Mjini

Mwembesongo, Morogoro
Jumatatu, 3 Juni 2024

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kibarazani, chai ya mchaichai mkononi na kifua kimeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima, wazima kupita kiasi, maana furaha nayo ni afya.

Baba, sikujua kama ndoa iko hivi! Luqmani akitoka gereji jioni ananiita tangu kule kona, mpaka majirani wanacheka: "Haya, bwana harusi karudi, fungueni njia." Juzi kaniletea taa ya nyuma ya Foksiwageni, nyekundu, akaitundika dirishani ili jua la magharibi lipite ndani yake tukiwa tunakula. Chumba kizima kikawa chekundu, na uso wake pia. Mwanamke gani mwingine Mwembesongo kaletewa zawadi kama hiyo?

Sasa sikia. Unajua yumo kwenye Chama cha Magari ya Kale. Kila mwaka hukutana nyuma ya geti, wanachama na familia zao tu, wanakula pilau, wanatazamana injini, wanarudi nyumbani. Mwaka huu Luqmani alisimama kikaoni akasema, "Magari haya yalibeba watu wote. Kwa nini tuyatazame peke yetu?" Wakampigia makofi! Basi Jumamosi ya tarehe 27 Julai ni kwa watu wote, kiwanja cha mpira, bila kiingilio, watoto wapande, wazee wapige picha.

Lakini magari yenyewe ni Benzi na Pijo za watu wa Dar. La milimani kwetu hakuna hata moja. Luqmani anaiomba Landrova yako. Nikija huko naiona bandani, kuku wanatagia kwenye kiti chako. Ataitengeneza kwa mikono yake. Nawe utashuka uketi mbele, ili nikuone umekaa na watu, maana harusini uliondoka kabla ya biriani na moyo wangu haujasahau.

Ningepiga simu, lakini najua simu kwako ni kelele tu. Barua anakuletea Elia, dereva wa lori la Fuso, akirudi kupakia ndizi.

Binti yako mwenye raha,
Shadya


Kinole
9 Juni 2024

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Kifua kinakwenda hivyo hivyo. Migomba imezaa. Nimefurahi kusikia mume wako anakuita tangu kona. Msalimie.

Gari lile halikuharibika. Nililizima mimi, siku ile ya mama yako, barabara ilipokatika na mvua kabla hatujafika Mkuyuni. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako huko huko Mwembesongo, unasoma. Watu walilivuta mpaka nyumbani, na sikugeuza ufunguo tena.

Nilitaka kukukatalia. Kisha jirani yetu Bi Mwamvita akaniuliza barua inasema nini. Nikamweleza. Akasema, "Watu wote? Hata sisi?" Nikamwambia ndivyo mwanangu alivyoandika. Akasema, "Basi, Kibwana, lipeleke."

Luqmani aje na wenzake walivute. Injini aifanye atakavyo. Kuna jambo tunazungumza huku na wenzangu, tukishakubaliana nitakuandikia.

Baba yako,
Kibwana


Mwembesongo
7 Julai 2024

Baba yangu wa dhahabu,

Shikamoo! U hali gani, na Bi Mwamvita hajambo? Mie nina mikono yenye rangi mpaka kwenye viwiko na sijawahi kuwa mzuri hivi, amesema Luqmani.

Limewaka, baba! Jana mchana lilikohoa, likatema moshi mweusi, likanyamaza. Luqmani akalipiga kofi la upendo kwenye boneti, "Amka, mzee, una mgeni." Likawaka! Fundi bodi aliangusha nyundo akacheza. Nililia, nami sijui kwa nini nililia.

Rangi ni kijani kibichi, na paa la rangi ya maziwa. Luqmani kaniachia nyuma iwe kazi yangu peke yangu, "ili mzee aone mkono wa binti yake." Mabenchi ya mbao tumetoa, tumeweka viti vya sponji. Na lile bomba la juu la kushikilia, lilikuwa limejaa vitambaa vikuukuu vilivyofungwa mafundo, vingine vimekauka kwa matope. Nilijaribu kuvifungua kucha zikanivunjika. Luqmani akauliza, "Una hakika si vya mzee?" Nikamcheka. Nikamwambia ni vya kufungia mizigo, gari la baba yangu mimi nalijua. Nikachukua mkasi nikavikata vyote, nikavichoma pamoja na takataka za gereji. Bomba nimelipaka rangi ya fedha. Linang'aa, baba, unaweza kujitazama uso!

Njoo uone. Njoo uone jinsi tunavyokupenda.

Binti yako,
Shadya


Kinole
7 Julai 2024

Mwanangu Shadya,

Nakusalimu wewe na mumeo. Huku baridi imeshuka, ukungu hauondoki mpaka adhuhuri.

Nilikuahidi kukueleza lile jambo. Tumekubaliana.

Unajua mama yako alikuwa mkunga, lakini ulikuwa mdogo tulipokupeleka kwa shangazi, na mengine hatukukuhadithia. Kila mgonjwa aliyepanda nyuma ya gari kupelekwa hospitali mjini, Mwanahawa alichana ukingo wa kanga yake, akaufunga kwenye lile bomba la juu. Akamwambia, "Utakifungua mwenyewe tukirudi." Ndivyo ilivyokuwa. Waliopona walirudi, na kabla hawajashuka walipigana na fundo, watu wanawacheka, wengine wanafungua kwa meno. Wasiorudi, vitambaa vyao vimebaki. Hakuna aliyevigusa, maana kufungua ni kwa mwenyewe.

Cha mama yako ni cha mwisho, upande wa mlango. Kanga ya zambarau yenye korosho za njano. Nilikifunga mimi, mkono wake ulikuwa hauna nguvu. Hata hivyo alinisahihisha, akasema nimekaza mno, nitamsumbua akirudi.

Miaka yote hii hatukujua la kufanya. Sasa gari limefika mjini, kule walikokuwa wanakwenda. Kwa hiyo wenye watu wao tumesema tutashuka siku hiyo mliyoifungua kwa wote, na kila mmoja atafungua cha mtu wake. Hatutachukua muda mrefu. Hatuhitaji kipaza sauti. Nami nitafungua cha Mwanahawa, nadhani baada ya hapo nitaweza kukaa na watu nikala, kama unavyotaka.

Waambie mafundi wasiguse bomba. Hata vumbi lake waliache.

Elia ana homa, barua hii itachelewa kidogo.

Baba yako,
Kibwana


Mwembesongo
11 Julai 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua zetu zimepishana njiani, maana yangu nilimpa dereva mwingine. Sasa umesoma yangu nami nimesoma yako, na sijui nianze wapi.

Nilikwenda kwenye shimo la takataka nyuma ya gereji. Luqmani alichekecha majivu pamoja nami, kwa chekeche la mchanga, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Vifungo vya shati, misumari, waya. Hakuna kitambaa. Yeye hajanilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo linaniumiza. Anasema, "Tulikuwa wawili." Hatukuwa wawili. Aliniuliza, mimi nikacheka.

Ile taa nyekundu nimeishusha dirishani.

Baba, waambie wasije. Au waambie ni mimi, wasije wakadhani ni mafundi. Niandikie hata neno moja. Elia kapona, atapita kwako kesho.

Shadya


Mwembesongo
29 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimengoja jibu lako, halikuja. Mkaja ninyi.

Nakuandikia uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwandikia. Niliwaona mnashuka kwenye Fuso, nguo safi zimepigwa pasi, kina mama wamejifunga kanga mpya. Mshereheshaji akatangaza, "Karibuni wageni wetu kutoka milimani!" Watoto walikuwa wamejaa ndani ya gari wanapiga honi. Luqmani akawashusha taratibu, mmoja mmoja, akasimama kando ameinamisha kichwa kama mtu wa kusubiri jeneza.

Bi Mwamvita akapanda wa kwanza. Akainua mkono akalishika bomba, akaupitisha toka mwanzo mpaka mwisho. Akanitazama. Akasema, "Limependeza, mwanangu." Bora angenizaba kofi.

Wengine wakafuata. Kila mtu alilishika mahali pake, kama mnajua ni wapi hasa, akatulia, akashuka. Mshereheshaji akasema, "Oneni jinsi wanavyolipenda gari lao!" na watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwa wa mwisho, upande wa mlango. Ulilizungushia kiganja chote ukafumba macho. Nilikuja mpaka ubavuni kwako nikasema shikamoo. Hukugeuka. Nimekaa siku mbili nawaza kama hukusikia au hukutaka kusikia, na namshukuru Mungu kwa masikio yako mabovu, yananiachia nafasi kidogo.

Mkaondoka kabla ya chakula. Mchana watu walipigia kura gari walilolipenda zaidi. Ni letu, baba. Wametupa kikombe. Luqmani alikwenda kukipokea, akarudi nacho amekishika kwa chini kama ndoo.

Sasa lile la muhimu. Jana alifungua viti vya nyuma avitoe, nimemwambia sivitaki. Chini, kwenye tundu la bolti, amekuta kitambaa. Kimoja. Nadhani kiliponidondoka nilikikanyaga kikazama humo. Kimejaa grisi na rangi imefifia, sijui ilikuwa zambarau au nini. Nimekitazama juani mpaka macho yananiuma. Sijakifua. Nimekifunga ndani ya leso yangu ya harusi, Elia atakukabidhi mkononi.

Niambie ni cha mama. Sitakuomba kitu kingine.

Binti yako,
Shadya


Kinole
18 Agosti 2024

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Hii ni ya barua yako, na ni ya pale kiwanjani pia. Nilikusikia. Sikuwa na sauti.

Watu niliwaambia kabla hatujashuka, kwamba ni wewe, na kwamba hukujua. Nikawaambia hakuna tena haja ya safari. Bi Mwamvita akasema, "Tushuke hivyo hivyo. Nguo tumeshafua."

Kitambaa nimekiosha kwa maji ya mtoni, polepole. Si cha mama yako. Kina ua la waridi kwenye ukingo. Ni cha Yasmin, mtoto wa Mwamvita, aliyeshuka kujifungua akiwa na umri kama wako, naye alikuwa ameolewa mwaka ule ule.

Nimekaa nacho siku kadhaa kabla ya kumpelekea. Hilo nakwambia ili usidhani baba yako ni mtu mwema kuliko alivyo.

Nilipompa, alikijua kabla hajakishika. Akakigeuza, akatafuta fundo. Halikuwepo, maana ulikikata kwa mkasi. Basi akakifunga kwenye mguu wa kitanda chake. Akakaza. Akakaa sakafuni akakitazama, tukazungumza habari za ndizi na za mvua, akanimiminia uji. Kisha akaanza kukifungua. Vidole vyake vimepinda sasa, ilimchukua muda. Nikataka kumsaidia, akanisukuma mkono.

Kilipofunguka akakikunja akakiweka kifuani ndani ya nguo. Akaniuliza, "Na wewe, Kibwana?"

Nikamwambia mimi bado niko njiani.

Leso yako nakurudishia na Elia. Gari kaeni nalo. Kikombe msiniletee. Ile taa irudishe dirishani, mumeo hana kosa.

Baba yako,
Kibwana