Jiko Lako Nimelizima, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Tangu tukuzike sijaiona milima ya Mang'ula. Moshi umeifunika. Bonde linaungua kuanzia Kiberege mpaka mtoni, na moshi wenyewe hauendi popote, umetulalia usiku na mchana. Jua linatoka jekundu, unaweza kulikodolea macho mpaka saa nne. Usiku joto halipungui. Kuku wako wanachelewa kutoka, hawajui kama kumekucha.

Mpunga niliumwaga kwenye vumbi kama ulivyonifundisha, nikangoja mvua. Siku moja yalipita manyunyu machafu, yakaacha masizi kwenye nguo nilizoanika. Mbegu zikadanganyika, zikaota. Sasa zinakauka, na ndani limebaki debe moja la mbegu. Hilo likipotea, hatuna kitu. Kila alasiri mawingu yanajikusanya upande wa milimani, nasema leo, leo. Yakifika kwenye moshi yanalegea, yanaisha. Nimechoka kutazama juu, Mama.

Na mjomba Tadei, ndugu yako, ndiye ananimaliza kabisa. Anasema wingu ni moshi uliopanda, kwa hiyo mvua ikichelewa tuongeze moto. Majirani wamemsikiliza, wamechoma mabua, wamechoma vichaka. Leo wanataka matete ya kando ya mto, ndiyo yaliyobaki. Wewe ulikuwa unamcheka. "Tadei, ingekuwa hivyo jikoni kwangu mngeogelea." Ulisema huku unajifuta macho kwa upindo wa kanga, nami nilikuwa napepeta, nikacheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi nikimcheka ananiita mtoto.

Desturi yetu unaijua. Moto wa mashamba hauwashwi kwa kiberiti. Lazima kijinga cha moto kitoke kwenye mafiga ya mwanamke aliye mkubwa katika ukoo. Ulikuwa wewe, sasa ni mimi. Asubuhi mjomba alipita hapa: "Jioni nakuja kuchukua moto, mwanangu. Usiende mbali."

Kristina alikuwa mgongoni, kifua kinamkoroma. Mjukuu wako hajalala vizuri tangu moshi uanze. Nikimlaza anakosa pumzi, nikimbeba naishiwa nguvu mimi.

Basi jiko lako nimelizima. Nimelimwagia mtungi mzima, maji yetu ya kunywa, nikafukua majivu mpaka chini, mpaka mkono ukasikia baridi. Moto ambao wewe hukuuacha ufe hata siku uliponizaa. Nimelia, Mama. Watasema nimezuia mvua. Na kama mjomba ndiye mkweli? Sijui. Ninachojua ni kwamba tumechoma na kuchoma, na mvua haijaja.

Nakuaga hapa, maana jua limeshuka. Nakuahidi sitawasha moto humu mpaka nisikie mvua juu ya paa, na lile debe sitaligusa, hata tukishindia ndizi mbivu. Mlango nimeukaza kwa mchi wako, nimekaa nyuma yake na Kristina. Nasikia mjomba anakohoa njiani.

Kiberiti anacho mfukoni, Mama. Niombee aogope jina lako, asikiwashe.

Mwanao,
Sabina