Droo ya Mama

Goba, Jumapili

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na alizeti umeshavuna, au bado unagombana na ndege? Mie sijambo, nakula vizuri, hata vilima vya huku nimevizoea.

Nilikwambia kwenye simu kwamba najifunza kuandika programu katika ofisi moja ndogo Manzese, na kwamba atakayefaulu jaribio atapewa kazi palepale. Jaribio lilikuwa Ijumaa. Tuliambiwa tuandike taarifa za familia zetu. Wewe fikiria kabati: kila droo ina jina lake, ndani ya droo unaweza kuweka boksi, na ndani ya boksi, boksi jingine. Nikafungua droo ya "baba", nikamweka Baba. Nikafungua ya "mama", nikamweka marehemu, Eliza. Kisha nikafungua "mama" nyingine, nikakuweka wewe, Tumaini. Kwetu nani asiyejua kwamba mtu anaweza kuwa na mama zaidi ya mmoja?

Kompyuta haikunigombeza. Ilinyamaza tu, na nilipoiambia isome, ikamtaja Tumaini peke yake. Eliza hayupo: kumbe kabati hilo halikubali droo mbili zenye jina moja, ya pili huifuta ya kwanza. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinikataza nisikuite Mama mbele za watu. "Mama yako ni yule aliyelala pale. Ukiniita hivyo utamfuta." Na kweli nimemfuta, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Ningeweza kufungua droo ya "mama mdogo", mambo yakaisha. Sikutaka. Nilikaa naitazama ile skrini mpaka mwalimu wetu, dada Salma, mwenye ulimi mkali na roho nzuri, akasimama nyuma yangu.

"Kwani we una mama wangapi?"

Nikamwambia wawili.

"Sasa ishu iko wapi? Droo moja, ndani yake weka orodha. Hakuna atakayemsukuma mwenzie."

Nikafanya hivyo. Ikasoma: mama, Eliza, Tumaini. Nimefaulu, Mama Mdogo. Kesho naanza kazi, na viatu nimeshaving'arisha mara mbili.

Nisalimie Babu, na yule jirani anayekuchotea maji, Mungu ambariki. Nikija Krismasi nitakuita Mama mbele ya kanisa zima. Tafadhali uitike. Yeye hajafutika, yupo, wa kwanza kwenye orodha.

Mwanao,
Neema