Mashine Imemwita Mvivu Aliyenifanyia Kazi

Mpendwa mshauri,

Shikamoo, na kabla hujaitikia naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nyumbani kila nikianza kulisema hili nakatizwa, na ofisini nikilisema sijui kama nitabaki.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi mitano, kisomo changu si kikubwa, ila nilipata kazi ya kuingiza fomu za wagonjwa kwenye kompyuta, tuko wanawake chumba kizima, nami nachapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa lakini nilijua nitazoea tu. Pembeni yangu anakaa mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Vidole kwa sababu anachapa kwa vidole vyote kumi huku anakutazama usoni na kukupigia hadithi. Yeye ndiye mkaguzi wa kazi zetu, ingawa naye ana fomu zake za kuchapa, na ndiye aliyenifundisha hata kuwasha kompyuta, na hakunicheka.

Mwanangu namwacha kwa mama mkwe, na maziwa ya kopo yanamharibu tumbo, kwa hiyo matiti yakijaa mpaka blauzi inalowa naingia stoo ya karatasi, nafunga mlango, nakamua kwenye chupa nimpelekee. Ruhusa sijawahi kuomba. Meneja wetu ni mwanamume wa umri wa baba yangu, nianzie wapi kumtajia matiti?

Sasa ofisi ikaleta programu ya kusimamia kompyuta zetu zote, meneja akikaa chumbani kwake anaona kila unachofungua na anaweza hata kukuzimia kompyuta, na mlangoni kwetu wakatundika skrini kubwa yenye majina yetu, anayechapa anaandikwa Mchapakazi kwa kijani, na ambaye kibodi yake imetulia kidogo anaandikwa Mvivu kwa nyekundu. Siku ya kwanza nilipotoka stoo nikakuta jina langu jekundu na wenzangu wanacheka, “Mama Mvivu huyo, katoka kulala!” Nikalia. Mama Vidole akanifuta machozi kwa kanga yake akasema, “Nenda kakamue, ng'ombe wangu, mimi nitachunga huku.” Tangu siku hiyo nikiingia stoo anahamia kiti changu, ananichapia fomu zangu kwenye kompyuta yangu, yake imelala. Zake anazimalizia saa ya chakula, ambayo programu haihesabu.

Mshauri, sikuwaza. Naapa sikuwaza kwamba mimi nikiwa kijani yeye anakuwa mwekundu.

Ijumaa meneja alikuja na karatasi akasimama katikati ya chumba. “Mashine haina shangazi wala shemeji,” akasema, “na mashine inasema mzee wenu amechoka.” Mama Vidole akaambiwa mwisho wa mwezi aondoke. Halafu akanigeukia mimi, “Wewe mama mdogo, mashine imekusifia, utakaa kiti chake.” Mimi wa vidole viwili nikague kazi za watu! Nikafungua mdomo, Mama Vidole akanifinya chini ya meza mpaka leo pana alama.

Baadaye stoo nikampigia magoti. Akasema, “Ukisema tutatoka wote, halafu nitakuwa nimefanya kazi ya bure. Nyamaza, mnyonyeshe mjukuu wangu.” Lakini mumewe yuko kitandani hanyanyuki, na hakuna mwingine anayeleta kitu nyumba ile. Nikamweleza baba mtoto, yeye kazi zake ni za kubahatisha, akaniuliza, “Kwani umemfukuza wewe? Si mashine?” Mama mkwe akasema nisimchokoze Mungu aliyenifungulia mlango.

Tangu Ijumaa hiyo maziwa yamekata. Nakamua, yanatoka matone, mtoto analia na mimi nalia, na yeye bado anahamia kiti changu kama kawaida na kuniuliza leo yametoka mengi? Namjibu ndiyo. Natumaini ipo njia ya sisi wote wawili kubaki, ila nikiitafuta siioni. Niambie wewe unayeona mbali.

Mama wa Vidole Viwili

*

Mama wa Vidole Viwili,

Marahaba, mwanangu. Nimekusikiliza mpaka mwisho, sasa na wewe usinikatize.

Pole. Kukamua maziwa umejificha kati ya maboksi ya karatasi kama mwizi, wakati unamtafutia mwanao chakula, si jambo la kumpata mtu yeyote. Ofisi iliyonunua programu ya kuhesabu vidole ikasahau kutenga chumba chenye kiti kwa mama anayenyonyesha, hiyo ndiyo ya kuona haya. Si wewe.

Lakini hapo huruma yangu inaishia. Unasema hukuwaza, sawa. Leo unajua, na bado unatoka stoo unamkuta kwenye kiti chako. Kwa nini? Kila ukimwachia kiti unamwongezea wekundu. Kesho usimwachie, hata akikufinya.

Na mumeo mjibu hivi: mashine haijamfukuza mtu. Mashine imesema kibodi imetulia, basi. Neno “Mvivu” limeandikwa na mtu, na karatasi ile ya kumwondoa imesainiwa na mtu, na mtu ana masikio. Nenda ukamwone. Ruhusa ya Mama Vidole usiombe, kwa sababu hatakupa. Nenda asubuhi kabla wenzako hawajafika, sema “namkamulia mwanangu maziwa” bila kutazama chini, meneja huyo naye alinyonya. Mwambie amwite fundi aliyefunga programu, afungue kumbukumbu za kompyuta zenu mbili sambamba. Ataona kila ya mwenzako inapolala, yako inaanza kukimbia. Asipoamini, keti mbele yake uchape kwa vidole vyako viwili. Halafu ahesabu fomu za Mama Vidole zilizokamilika, aseme ni ipi iliyopungua. Kiti cha ukaguzi kirudishe hapo hapo, usingoje uambiwe. Na kama kuna chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi karibu, pitia siku hiyo hiyo.

Je, mtabaki wote? Sijui. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Wakubwa wengi hawapendi kuonyeshwa kwamba walisoma skrini wakaacha kusoma watu, na huenda mkatoka wawili kama alivyosema. Mtoto mpeleke kliniki wiki hii, wamtafutie maziwa atakayoyaweza, na wewe upumzike, unywe, umweke kifuani hata kama ni matone. Yanaweza kurudi. Na yasiporudi, hilo nalo si kosa lako.

Meneja akikataa kukusikiliza, rudi chumbani ukae kwenye kiti chako kile cha zamani. Weka mikono mapajani. Usiguse kibodi. Kaa hivyo mpaka jina lako ligeuke jekundu pale mlangoni, chini ya jina lake, na kila anayeingia akuulize kwa nini. Na akikuuliza, mjibu.