Milango Imehama, Jina Limebaki kwa Kimani

Jumanne, Elburgon. Ukungu umekataa kutoka tangu asubuhi na mimi nimeamka na hasira. Ile nzuri, inayofanya mtu achape kazi.

Wiki jana nilihamisha tovuti ya karakana yetu ya milango. Kampuni ya zamani iliyoihifadhi mtandaoni ilikuwa inazimika kila mara, nikapata hosting mpya, picha zote zikahamia huko. Nikafunga ya zamani na kuwatangazia mafundi kwamba tumemaliza. Wueh! Wateja wa Nakuru wakifungua, bado wanapelekwa kule kwa kampuni ya zamani. Hakuna kitu.

Leo msichana wa hosting mpya amenieleza kwa simu, polepole kama mwalimu wa nasari. Hosting ni nyumba tu. Domeni ni jina, na linasajiliwa kivyake. Ukihamisha vyombo, jina halifuati mpaka mwenyewe aliambie lielekee wapi.

"Na mwenyewe ni nani, mathe?" akaniuliza.

Ni Kimani, binamu yangu.

Acha nikiri. Alipotutengenezea tovuti aliniuliza barua pepe ya kusajili jina, nikamwambia aweke yake, hizo vitu mimi sijui. Ningenunua shamba niandikishe title kwa jina la binamu? Thubutu! Lakini jina la tovuti, ambalo ni la marehemu baba, lile alilolichonga mwenyewe juu ya lango, nililiacha hivyo hivyo mikononi mwa mtu. Na usajili unaisha mwezi huu. Usipofanywa upya, yeyote anaweza kulichukua.

Tena hatujasalimiana na Kimani tangu nikose ruracio yake, sherehe ya kupeleka mahari, kwa sababu ya oda ya milango ya shule.

Mchana nikaenda kwake na maranda bado kwenye aproni. Sikuzungusha maneno. Nikaanza na ruracio, kwa sababu nilikosea kweli na ilikuwa inaniuma. Ndipo nikalidai jina.

Nilidhani atanifukuza.

"Milango, kweli?" akasema. "Siku yangu?" Kisha akachukua simu, akaifungulia domeni kufuli na kunitumia code ya kuihamisha.

Uhamisho utachukua siku kadhaa, nitangoja. Kazi yangu nimefanya. Fomu ya usajili iliuliza mwenye jina ni nani, na mara hii sikumwachia mtu. Nimeandika majina yangu yote matatu. La mwisho ni la baba.